Kumwachia Mungu Bila Kuacha Kazi

Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe ya yubile ya miaka 25

 

Kamati ya yubile imetupa dakika 15, na wanaotufahamu wanajua kwamba katibu wa kwaya akipewa nafasi husoma kumbukumbu za mikutano. Leo hatutasoma. Historia ya kwaya imechapwa katika kurasa za mbele za kijitabu hiki, pamoja na picha ya sare yetu ya kwanza, ile ya kijani yenye kola pana ambayo watoto wetu wanaicheka. Mtaisoma nyumbani. Sisi tumeombwa tunene juu ya neno kuu la yubile, Mithali 3:5-6, pale kijana anapofundishwa amwegemee Bwana kabisa badala ya kuuegemea ujuzi wake. Kwa maneno ya kawaida, tumeulizwa: ni nani anayeyaongoza maisha yetu, ni Mungu au ni sisi?

Kabla ya kujibu tuliangalia neno lenyewe, yubile. Sisi tumelizoea kama neno la keki, mahema na wageni. Katika Walawi 25 lilikuwa neno zito kwa mkulima. Mwaka wa 50 ulipofika, mtu aliyenunua shamba alilirudisha kwa ukoo uliokuwa nalo mwanzo. Mwisraeli aliyejiuza kwa sababu ya deni alirudi kwao. Na mwaka huo watu hawakupanda. Tena mwaka wa 49 ulikuwa wa pumziko pia, kwa hivyo shamba lilikaa miaka miwili mfululizo bila jembe. Hebu fikirini mvua ya masika inanyesha, udongo umelainika, jirani zako wa taifa lingine wanapanda, na wewe umekaa. Mungu mwenyewe alijua watauliza watakula nini, na swali lao limeandikwa hapo hapo. Jibu lake lilikuwa kwamba mavuno ya mwaka wa sita yatawatosha mpaka shamba lizae tena. Na sababu aliyotoa ni kwamba ardhi ni yake, wao ni wapangaji tu.

Kwa hivyo anayesherehekea yubile anakiri kwamba kuna vitu mkononi mwake ambavyo si vyake. Sisi tuko nusu ya safari, miaka 25 tu. Lakini somo ni lile lile.

Sasa tuseme ukweli. Jambo hili kulisema madhabahuni ni rahisi kuliko kuliishi Jumatatu asubuhi. Katika kwaya hii tuna walimu waliomaliza chuo miaka tisa iliyopita na bado wanafundisha kwa malipo ya bodi ya shule, wakingoja barua ya ajira ya kudumu. Tuna dada zetu wawili wanaofikiria kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Tuna wazazi ambao mtoto yuko gredi ya tisa na hawalali wakiwaza atapelekwa shule gani. Tuna waliochukua mkopo wa kununua pikipiki na pikipiki ikaibwa mkopo haujafika nusu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo amwachie Mungu, atakuitikia amina kwa sauti, halafu moyoni atauliza: nimwachie nini hasa? Fomu ya kazi nijaze nisijaze? Wakala anapiga simu kuhusu pasipoti, nipokee ama nisipokee?

Wengi wetu tumelelewa na majibu mawili, na yote mawili tunayasikia ndani ya kanisa hili. La kwanza ni la wale wanaosema Mungu humsaidia anayejisaidia. Watu wengi hudhani msemo huo umo katika Biblia. Haumo, tafuteni. La pili ni la wale wanaokaa kitako na kusema Bwana atafungua njia, na wakiulizwa wamefanya nini juu ya jambo hilo, wanasema wanaomba. Wa kwanza humkumbuka Mungu mambo yakishaharibika. Wa pili humpa Mungu kazi ambayo Mungu aliwapa wao. Tukiangalia vizuri, hata wa pili ameshika usukani, maana ameamua mwenyewe njia ipi ifunguliwe na amenuna kwa sababu haijafunguliwa.

Mtume Paulo alikuwa mtu wa mipango. Someni Matendo 16 kuanzia mstari wa 6. Alitaka kuhubiri Asia, akazuiwa na Roho. Akajaribu kuingia Bithinia, akazuiwa tena. Angalieni kwamba alikuwa akitembea. Hakungoja nyumbani kwa mama mpaka ramani ishuke kutoka mbinguni. Alijaribu mlango, ukafungwa, akajaribu mwingine, na usiku akaona katika maono mtu wa Makedonia akimwomba avuke aende kuwasaidia. Akaondoka mara moja. Na alipofika huko, je, mambo yalikuwa laini? Alipigwa viboko Filipi na kutiwa gerezani na Sila, miguu katika mikatale. Hapo ndipo tunapata ule usiku ambao kwaya zote huupenda, wafungwa wawili wakimwimbia Mungu usiku wa manane na wengine wakisikiliza. Huwa tunauhubiri usiku ule kana kwamba Paulo alifika gerezani kwa bahati mbaya. Alifika huko kwa kutii. Yule anayetuambia kwamba ukifuata uongozi wa Mungu utajua kwa amani na mafanikio, tunamwomba asome sura hiyo moja mpaka mwisho.

Hapa Kenya tunaye mfano wetu wenyewe, na tungependa tukae kwake kidogo, kwa sababu Kiswahili tunachoimbia kina deni kwake. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na shirika la wamishonari la Kanglikana, CMS. Mpango wake mkubwa haukuwa Mombasa wala Waswahili. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo, ambao watu wa wakati ule waliwaita Wagalla. Aliamini kwamba wakipokea Injili wao, Afrika ya sehemu hii yote itafikiwa. Alikwenda Ethiopia kwa ajili hiyo, akafanya kazi Shoa, na mwaka wa 1842 njia ikafungwa asiweze kurudi huko. Akaamua kuzunguka. Akaja pwani yetu mwaka wa 1844 akitafuta mlango wa nyuma wa kuwafikia Waoromo hao hao.

Alifika Mombasa na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata siku chache baadaye. Kaburi liko upande wa Nyali, wanaokwenda pwani likizo ya Disemba wanaweza kulitembelea. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Mtu angemlaumu nani kama angefunga mizigo na kurudi kwao?

Hakurudi. Alikuwa ameshaanza kujifunza Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na akaendelea. Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai. Mwaka wa 1850 kilichapishwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Aliondoka kwa sababu ya afya mwaka wa 1853. Alifariki mwaka wa 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka uliofuata, yeye hayupo tena. Na Waoromo, wale aliowaacha nyumbani kwa ajili yao? Hakupata kuanzisha kazi kwao maisha yake yote.

Tukipima kwa mpango wake, Krapf alishindwa. Tukipima kwa kilichotoka mikononi mwake, kanisa la Kenya linasimama pale na kusema asante. Lakini hatutaki kukimbilia asante hiyo haraka sana. Ni rahisi sisi wa leo, tulioshiba Kiswahili, kusema kwamba Mungu alifunga mlango mmoja akafungua mwingine. Yeye hakuwa na kijitabu cha yubile mkononi cha kumwonyesha miaka 180 baadaye itakuwaje. Alikuwa na kaburi, homa, na lugha ngeni ya kuandika neno moja baada ya jingine. Kumwachia Mungu kwake kulikuwa kuamka na kuandika neno linalofuata.

Sasa turudi kwenye kazi yetu ya kuimba, maana wengine wenu mmeanza kuangalia saa.

Kila mwanakwaya hapa alijifunzia nota za do, re, mi. Huenda hatujawahi kuuliza zilitoka wapi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alizitengeneza ili kuwafundisha watoto kuimba, na mchungaji John Curwen akaziboresha na kuzieneza, kisha wamishonari wakazileta Afrika. Uzuri wake ni kwamba do haina mahali pamoja pa kudumu. Wimbo mmoja do iko chini, mwingine iko juu. Ndiyo maana kabla ya kuimba mwalimu wetu hutoa kile kifilimbi chake mfukoni, akapuliza, nasi tukaipokea do kutoka kwake. Hakuna mtu anayechagua do yake. Mnakumbuka sisi wenyewe tulipokuwa kwenye mashindano ya mitaa na kwaya fulani (hatutaitaja, na haiko hapa leo) ilianza wimbo kila sauti na do yake. Mpaka mbwa wa jirani waliitikia.

Lakini ukishapokea do, mwalimu hakuimbii. Sauti ya kwanza itaimbwa na sauti ya kwanza. Besi wakilala, mwalimu hawezi kuruka kwenda kuimba besi huku anaongoza. Yule anayesema amejitoa kabisa kwa Mungu, kisha akaketi, ni kama mwimbaji aliyepokea do akafunga mdomo kwa unyenyekevu. Na yule anayejipangia kila kitu na kumwomba Mungu aje abariki tu, huyo ni kama mwimbaji anayeanza na do yake halafu anamkunjia mwalimu uso kwa nini hamfuati. Tungependa vijana washike jambo hili: tunachomkabidhi Mungu ni ile do. Sauti anatudai sisi.

Mwandishi wa ule wimbo ambao Wakristo wa lugha nyingi huuimba wakati wa kujitoa, unaoitwa kwa Kiingereza "I Surrender All", alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule za Marekani, Judson Van DeVenter. Rafiki zake walimwona ana kipawa cha uinjilisti wakamhimiza aache kufundisha. Alisitasita miaka mitano. Miaka mitano! Wimbo ulichapishwa mwaka wa 1896, nasi tunauimba kwa dakika nne na kuketi chini tukidhani tumemaliza. Walimu waliomo humu wanaelewa kwa nini ilimchukua miaka mitano. Mshahara wa kila mwezi si kitu cha kuachia kwa beti tatu na kiitikio.

Hatuwezi kuzungumza juu ya kujiachilia katika nchi hii na kupita Shakahola kimya kimya. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, kaunti hiyo hiyo ilipo Rabai ya Krapf, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwemo watoto wadogo, waliokuwa wafuasi wa mafundisho ya kufunga chakula ili wakutane na Yesu. Watu hao walikuwa kama sisi. Walikuwa na Biblia. Wengine waliuza mali zao na kuacha kazi wakiamini wamejikabidhi kwa Mungu. Wengine wao, hatuna shaka, waliwahi kuimba katika kwaya.

Kwa hivyo mtu akija kwako na kusema Mungu amenionyesha kwamba wewe uache dawa, uuze shamba, umwache mumeo, usimpeleke mtoto hospitali, huyo amekunyang'anya usukani aushike yeye. Hiyo si kumpa Mungu. Mungu alipomwongoza Petro aende kwa Kornelio, katika Matendo 10, alimwonyesha Petro mwenyewe, na akamwonyesha Kornelio mwenyewe, na Petro akaenda na ndugu sita wa kumshuhudia. Hakuna aliyetembea gizani akiongozwa na ndoto ya mtu mwingine. Tena mwulize huyo anayekuongoza: wewe umeacha nini? Mara nyingi utaona kwamba kujitoa kunakuwa kwako na kupokea kunakuwa kwake. Akina mama, tunawaomba sana mwaseme haya na binti zenu nyumbani, maana si kila siku mchungaji atakuwa karibu.

Sasa tufike mahali ambapo kwaya hii yenyewe ilipimwa. Wale wa zamani wanajua, wageni hawajui, na watoto wetu wamesikia vipande tu.

Mwaka wa 2019 tulianza kuchanga pesa za kurekodi nyimbo zetu. Tulifanya harambee mbili, tukauza kalenda, tukaimba harusi kumi na moja, na kufikia mwezi wa Februari 2020 tulikuwa na shilingi 340,000 benki. Studio ilikuwa imetupa tarehe, wiki moja baada ya Pasaka. Sare mpya zilikuwa kwa fundi. Halafu mwezi wa Machi ugonjwa wa korona ukaingia nchini, makanisa yakafungwa, na Pasaka ya mwaka ule tuliimba kila mtu nyumbani kwake, simu imeegemezwa kwa chupa ya chai.

Mwezi wa Juni mmoja wetu, mama wa sauti ya pili aliyekuwa nasi tangu mwaka wa kwanza, figo zake zilishindwa. Alihitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kila wiki. Bima ilisaidia sehemu, lakini kulikuwa na dawa, vipimo na gari la kumpeleka mjini na kumrudisha, wakati matatu zilikuwa zinabeba nusu ya abiria na nauli imepanda. Mumewe alikuwa amefutwa kazi hotelini mwezi wa Aprili. Hakutuomba. Ni mweka hazina aliyepeleka unga na mafuta akaona ng'ombe hayuko zizini.

Tulijadiliana kwa simu usiku tatu. Tunataka kusema wazi kwamba waliotaka pesa zibaki hawakuwa watu wabaya. Walisema pesa zile zilichangwa na waumini kwa kazi ya kurekodi, na tukizitumia kwa jambo jingine tutakuwa tumewavunjia imani. Walisema pia tulikuwa tumeomba na kufunga siku tatu kabla ya kuanza mradi, na Mungu alikuwa ameukubali; sasa tutajuaje kwamba amebadilisha? Ni swali la haki. Hakuna aliyepata maono. Hakuna sauti iliyotoka juu. Mzee mmoja wa besi, ambaye huongea kama mara mbili kwa mwaka, aliandika ujumbe mmoja: kwamba kama tunangoja Mungu atuambie kama mgonjwa asaidiwe, basi hatujasoma kitabu chake. Baada ya hapo tuliomba ruhusa kwa baraza la wazee, tukawapigia waliochanga kiasi kikubwa, na hakuna aliyekataa. Zikatolewa zote, kidogo kidogo, mpaka zikaisha.

Na alifariki. Tungependa hadithi iishie pengine lakini haiishii. Aliishi miezi saba, akafariki Januari 2021. Idadi ya waombolezaji ilikuwa na kikomo, kwa hivyo tuliimba wanane tu, barakoa zimetufunika, sauti zinatoka kama watu walio ndani ya gunia.

Pale matangani mtu mmoja alisimama akasema tukubali, ni mapenzi ya Mungu. Mumewe alijibu kwa upole, na maneno yake tumeyahifadhi. Alisema yeye hajui kama Mungu alitaka mkewe afe, hilo amemwachia Mungu mwenyewe. Anachojua ni kwamba Mungu alitaka wanakwaya waje, kwa sababu walikuja, na mtoto wao wa mwisho akajifunza kusoma miezi ile saba akiwa kitandani kwa mamake.

Tangu siku hiyo kwaya hii imekuwa ikiogopa kidogo kutumia hayo maneno, mapenzi ya Mungu, kama kifuniko cha sufuria. Yesu mwenyewe pale Gethsemane hakuyasema kirahisi. Aliomba kwanza kikombe kiondolewe. Aliomba mara tatu. Jasho lilimtoka. Ndipo akayaweka mapenzi ya Baba juu ya yake. Na Marko 14:26 inatuambia kitu ambacho wanakwaya tungepaswa kukiandika ukutani: kabla hawajatoka kwenda huko mlimani, yeye na wanafunzi waliimba. Aliimba akijua anakokwenda.

Kuna jambo jingine dogo la wakati ule. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, ibada ilikuwa saa moja, watu wasiozidi 100, na waliopita miaka 58 waliombwa wabaki nyumbani. Besi yetu ilibaki na mtu mmoja. Mwalimu naye alikuwa amepita umri, akawa anafundisha kwa simu. Ikabidi vijana wanne wa shule ya upili, ambao walikuwa wanakaa nyuma wakichezea simu, waitwe mbele. Hawakujua nota hata moja. Leo wawili wao ni nguzo ya besi na mmoja ni naibu wa mwalimu. Hatukupanga hivyo, na kama tungeachiwa tupange, wangekuwa bado wanangoja wazee wachoke.

Hilo linatuleta kwenye jambo la mwisho, na tunaomba uvumilivu wa Mchungaji kwa sababu dakika zimekwisha.

Mwalimu wetu, aliyeianzisha kwaya hii na watu tisa na bila kinanda, amewaandikia wazee kwamba mwisho wa mwaka huu atakabidhi kifilimbi. Barua ilisomwa kwa kamati, na kulikuwa na kilio. Wengine wetu tulianza mara moja kupanga namna ya kumzuia. Wengine wanataka aendelee kuwa mwalimu kwa jina huku naibu akifanya kazi. Wengine wanasema kijana ana miaka 22, atatuharibia nyimbo za zamani kwa kuongeza mdundo. Wengine wameanza kusema Bwana amewaonyesha nani anafaa, na kwa bahati ni jamaa zao. Mwalimu mwenyewe amesema neno moja tu: kwamba miaka 25 amekuwa akitupa do, na sasa anataka kuketi na besi aipokee kama wengine.

Na kuna pesa. Kwa neema ya Mungu na kwa jasho lenu, akaunti ya kwaya ina shilingi 412,000 leo. Kuna pendekezo la kurekodi, kwani nyimbo zile bado hazijarekodiwa na baadhi ya sauti zake tumeshazizika. Kuna pendekezo la kuanzisha mfuko wa wagonjwa, ili siku nyingine tusikutane usiku tatu kwa simu huku mtu anauza ng'ombe. Kuna wanaotaka zigawanywe nusu kwa nusu. Ofisi ya katibu haina msimamo katika jambo hili, ingawa kila mtu binafsi ndani ya ofisi anao.

Tumepanga siku ya maombi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, hapa kanisani, kuanzia saa kumi na moja jioni. Tafadhali mje mkiwa tayari kusikia jibu ambalo si lenu. Mkutano mkuu utakuwa Jumamosi inayofuata saa nane mchana. Atakayepiga kura ni mwanakwaya aliyehudhuria mazoezi nusu ya mwaka, na daftari la mahudhurio liko kwa naibu katibu, mezani pale karibu na mlango, ukitaka kuangalia jina lako kabla ya chakula. Waliochanga na si wanakwaya wanakaribishwa kuketi, kusikiliza na kusema, na vijana wa shule ya upili wanaotaka kujiunga na besi waje na kalamu.